Sauti ya Pili

Chumba cha jirani kilikuwa kitupu tangu Pasaka, kufuli la mwenye nyumba likishika kutu mlangoni. Basi ni nani aliyekuwa akiimba humo saa sita mchana?

Kavetsa hata hakujiuliza. Jamani, mtu akipata elimu mpya hasikii la mtu! Mwaka huo wa 1974 alikuwa akifunzwa solfa na Wekulo, mwalimu wa kwaya ya kanisa lao pale Kianda: kusikia wimbo na kuuandika papo hapo, do re mi, kwenye daftari. Akifaulu, yeye ndiye angefunza sauti ya pili, sauti aliyoimba tangu utotoni kwao Maragoli. Kwa hiyo aliacha nguo kwenye karai, akabandika sikio kwenye ukuta wa udongo, akaandika. Ulikuwa wimbo wa kike, mtamu, usio na maneno. Harufu ya udongo uliochimbwa leo leo ilipenya kwenye nyufa, akadhani watu wanachimba mtaro.

Mwalimu alikuwa na sheria moja: ulichoandika usijiimbie, utajidanganya. Mpe mwingine asome. Kavetsa akamwita bintiye Nanyama, mtoto wa miaka minane, ambaye solfa aliidaka kwa kusikiliza tu mamake akisoma.

"Hebu niimbie hii, mama."

Nanyama akaimba. Kule ng'ambo ya ukuta kukawa kimya.

"Ni yenyewe kabisa! Basi, inatosha."

Mtoto hakuacha. Jioni aliimba uji ukimtoka mdomoni. Asubuhi aliimba macho wazi, haoni, na siku ya tatu midomo yake ilikuwa imepasuka na wimbo ukaja na damu. Kavetsa alilitia daftari ndani ya jiko akalitazama mpaka likawa majivu, naye Nanyama akaimba tu.

Wekulo alipoitwa, alinong'ona kama mwizi. "Ulitoa wapi wimbo huu?"

"Hapo kwa jirani."

"Mama Nanyama! Yule mama wa hapo si alikufa? Walimzika watu wasiomjua, bila hata wimbo mmoja. Anatafuta kwaya, huyo."

Jumapili, ibada ilipokwisha, akarudi na wenzake watano wa kwaya kuombea nyumba. Maombi yenyewe yalianza vizuri. Lakini watu wa kwaya wana ugonjwa mmoja: sauti ya kwanza ikisimama peke yake, hawawezi kuiacha hivyo, na Shivachi, mzee wa besi, aliyekuwa amefumba macho akimkemea pepo kwa jina la Yesu, akajikuta ameingia chini ya wimbo, polepole, kisha kwa nguvu, halafu Wekulo mwenyewe akaingia na sauti ya tatu huku akitikisa kichwa kukataa, na wengine wakafuata, macho yamewatoka, mikono ikijaribu kuziba midomo yao wenyewe, na ile harufu ya udongo ikajaa chumbani mpaka mtu akavuta pumzi kwa shida.

Kavetsa alikuwa amejiziba masikio, lakini macho yake yaliona. Kila sauti ilipoongezeka, mishipa ya shingo ya Nanyama ililegea, na mtoto akapata pumzi kidogo. Mzigo ulikuwa unagawanywa. Ilibaki sauti moja tu, ya pili, na katika chumba kile aliyekuwa nayo ni mmoja.

"Mama Nanyama, usi..." Wekulo alijitahidi katikati ya pumzi, wimbo ukamvuta tena.

Alijua. Mama gani angekaa pale akitazama? Aliondoa mikono masikioni, akaingia.

Nanyama akafunga mdomo. Sauti ya kwanza haikukatika hata kidogo. Iliendelea yenyewe kutoka ng'ambo ya ukuta, safi, imeridhika.

Mtoto akameza mate, akamshika mamake kanga.

"Mama, mimi nimeacha," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Na wewe acha sasa."

Kavetsa alimtazama mwanawe, machozi yakimtiririka, akaimba.