Mwerezi Uliomwagiliwa Mara Mbili

Kila asubuhi, kabla ya kukaa kwenye cherehani yake, mshonaji alichungulia dirishani. Alitaka kujua kama mwerezi bado uko hai.

Mumewe alikuwa seremala. Alizipenda mbao za mwerezi kwa harufu yake nzuri. "Maisha yangu yote nakata miti," alisema siku moja. "Acha na mimi nipande." Akaleta miche miwili, akaipanda nyuma ya nyumba, karibu na ukuta, pale ua unapoinama. Kabla mvua hazijaisha, homa ikamchukua.

Mche mmoja ulikauka. Sasa na wa pili uligeuka manjano. Majani yake membamba kama sindano yalikuwa yakipukutika. Mshonaji aliona kama anafiwa tena.

"Una kiu," alijiambia. Kila jioni akaumwagia ndoo nzima.

Nyumbani aliishi na watoto na mama mkwe wake. Tangu msiba, wanawake hao wawili walizungumza habari za chumvi, sabuni na shule, basi. Jina la marehemu halikutajwa. Kila mmoja aliogopa kumliza mwenzake.

Mwishowe mshonaji alimwita jirani yao, mkuza miche. Mtaa mzima ulimwita Mama Miche. Alipiga goti, akachomeka kidole udongoni, akakinusa.

"Shoga, mti huu hauna kiu. Unazama."

"Unazama vipi? Naupa ndoo moja tu, jioni."

"Moja? Mbona hapa maji yamezidi unga?"

Mlangoni alisimama mama mkwe, ndoo mkononi. "Na mimi huumwagilia alfajiri," alisema polepole. "Nilidhani umeusahau."

"Na mimi nilidhani umeususa, mama."

Hakuna aliyecheka. Mshonaji alijikaza, lakini machozi yakamshinda. Mama mkwe akaitua ndoo, akamshika mkono.

Mama Miche aliwaacha kidogo. Kisha akasema, "Mizizi nayo hupumua. Ikikaa majini kila siku, inaoza. Majani yanageuka manjano, na mtu akidhani ni kiu, anazidisha maji. Mwerezi hutaka jua, na udongo usiotuamisha maji."

"Utapona?" mshonaji aliuliza.

"Siwezi kukuahidi. Ila bado mdogo, tuuhamishe tujaribu. Na tusiuweke ukutani. Huu ukikua unapita paa, na matawi yake hutanda mbali. Uwe mbali na nyumba na nyaya za umeme."

Walichagua sehemu ya ua iliyoinuka. Walichimba shimo pana, lisilo na kina kirefu. Mama Miche alikata mizizi iliyooza, ile myeusi na laini.

"Tuufukie sana, usianguke," alisema mama mkwe.

"Hapana, mama. Udongo uishie hapa mizizi inapoanzia. Shina likifukiwa, linaoza."

Wakatandaza majani makavu kuuzunguka mti, bila kuligusa shina. "Kabla ya kumwagilia, chomekeni kidole," Mama Miche aliendelea. "Kukiwa na unyevu, acheni. Kukiwa kukavu, mwagilieni taratibu, maji yafike chini. Na kilele msikikate. Ndicho kinachoupeleka mti juu. Haya, nani atamwagilia?"

Wakatazamana.

"Sote wawili," alisema mama mkwe. "Kwa pamoja."

Mara ya kwanza walipima udongo kimya kimya. Ulikuwa na unyevu, nao hawakuwa na la kufanya. Wakasimama tu. Ndipo mama mkwe akasema, "Alipokuwa mdogo alikata mguu wa kiti changu. Eti anaujaribu msumeno!"

Mshonaji alicheka. Alikuwa hajacheka tangu mazishi. Naye akasimulia yake.

Majani mabovu yaliendelea kuanguka kwa muda, na mshonaji hakulala vizuri. Kisha, kwenye ncha za matawi, yakachipua majani mapya ya kijani.

Sasa miaka imepita. Mwerezi umelipita paa, na majani yake ni ya kijani mwaka mzima. Mizizi yake imekwenda chini kujitafutia maji, kwa hiyo hauhitaji tena ndoo ya mtu. Lakini jioni wanawake hao wawili bado hutoka kwenda uani, mikono mitupu, wakakaa kando yake wakazungumza. Na humtaja seremala kwa jina lake.