Wali wa Mwenye Jiwe

Kijiko kilikuwa kinakwangua bakuli. Usiku wa manane, nyumba imelala, Baba Byeol anakoroma upande wake, na mimi nasikia kule jikoni kijiko cha chuma kinakwangua, kwaru, kwaru, polepole, kama mtu aliyemaliza chakula zamani lakini hataki kuamini kwamba kimekwisha. Nikanyoosha mkono kumtafuta mtoto. Godoro bado lilikuwa na joto lake, lakini yeye hayupo.

Nilimkuta gizani, kachuchumaa mbele ya sufuria la umeme. Ana miaka mitatu, jamani, hata kifuniko chake hawezi kukifungua. Nilikuwa nimepika wali wa kututosha watatu mpaka kesho yake, na sufuria lilikuwa tupu.

"Byeol, mwanangu."

Hakugeuka. "Bado hajashiba," akasema.

"Nani hajashiba?"

"Babu."

Babu zake wawili wako hai, mmoja Daejeon na mwingine Masan, na hakuna aliyekuwa kwetu usiku ule. Nikamnyanyua. Shingoni alikuwa ananuka majivu ya ubani, ubani ulionyeshewa mvua, na hapo nikakaa naye sakafuni, kwa sababu harufu ile niliijua. Nilijua na mahali ilipotoka.

Mume wangu, In-gyu, si mtu wa Busan. Kazi ya kuendesha winchi bandarini ndiyo iliyomleta, na tangu aje ana wazimu mmoja: kila siku ya mapumziko lazima twende mtaa tusioujua. Husema Busan si mji mmoja, ni vijiji vilivyogombana vikatenganishwa na milima. Basi tumezunguka. Tumekwenda Haeundae kwenye majengo ya vioo mpaka shingo zikatuuma, tumekwenda Gamcheon kwenye nyumba za rangi tukasukumana na wageni wenye kamera, tumekwenda kisiwani Yeongdo kusikiliza nyundo za mafundi wa meli. Jumapili iliyotangulia usiku ule tukapanda Ami-dong, mtaa wa kilimani.

Habari za Ami-dong nilizijua tangu shule. Wakati wa vita watu walikimbilia huku hawana pa kulala, wakajenga juu ya makaburi ya wageni waliotutawala zamani, ambao ndugu zao walikwisha kurudi kwao, na mawe ya makaburi wakayafanya ngazi, misingi na kuta. In-gyu alikuwa hajui. Aliona jiwe lenye maandishi chini ya mtungi wa gesi wa mtu, akainama kulishika.

"Mama Byeol, hawa watu wanapikia juu ya maiti?"

"Nyamaza wewe, watakusikia."

"Wenye nyumba au wenye kaburi?"

Tukacheka. Tulicheka pale pale, kilimani kwao.

Byeol alikuwa analia njaa na biskuti zimekwisha. Kwenye kona ya kichochoro, mbele ya jiwe lililozama nusu ukutani, palikuwa na bakuli la wali mweupe, kijiko kimesimamishwa katikati, na kando yake ubani ulioungua ukaisha wote. Kwa akina In-gyu, ubani wa tambiko ukishaisha na watu wakishainama, chakula cha marehemu wanapewa watoto kwanza. Ni baraka. Mama mkwe hata hukasirika mtoto akikataa. Nami nikaona ubani umekwisha, nikaona mtoto analia, nikamwambia, "Kula kidogo, mama, ni baraka." Byeol akala. Alikula wote.

Baada ya usiku ule wa sufuria alikuwa akila asubuhi, mchana na jioni, na kila nguo ilimpwaya zaidi. Daktari wa mtaani kwetu alimpima damu, akampima choo, akasema hana kitu. In-gyu akasema minyoo. "Mimi nilikuwa hivyo hivyo, nilikuwa nakula mpaka sabuni." Nikamwambia basi mwangalie mkono. Akauangalia. Mkono wa mwanangu ulikuwa umebaki ngozi na mfupa, na In-gyu hakufanya mzaha tena, alikwenda barazani kusimama peke yake, na alipofikiri simwoni alikuwa anapangusa macho.

Nikampeleka Yeongdo kwa mganga, Mama Okbun, ambaye dada zangu wote walishampelekea watoto wao. Ni mwanamke mnene mwenye viatu vya michezo, na televisheni yake haizimwi. Alichanganya wali na supu kwenye kibuyu, akampitishia Byeol kisu cha jikoni kwenye nywele, mara tatu, bila kumgusa ngozi, akaanza kutukana kama muuza samaki.

"Haya, mlafi, ombaomba usiye na kwao! Umekula, umeshiba, sasa toka kabla sijakukata hiyo shingo!"

Akamwaga kibuyu nje, akakirusha kisu kuelekea mlangoni. Kisu kikielekeza ncha nje, mgeni ameondoka. Sote tunajua hivyo. Kilizunguka sakafuni, kikatulia, ncha ikatutazama sisi. Akakirusha tena, ncha ndani. Akakirusha tena kwa hasira mpaka kikagonga kizingiti na kurudi, na ncha ikasimama sawasawa mbele ya goti la mwanangu. Mama Okbun akazima televisheni.

"Mama Byeol," akasema, chini kwa chini, "huyu mtoto amekula wapi?"

Nikamweleza. Uso wake ulibadilika.

"Mimi nafukuza wanaomfuata mtu njiani. Huyu hakumfuata mtu. Huyu amekaribishwa. Mtafute mwenye bakuli, na uende leo, mtoto asilale naye tena."

Mvua ilikuwa inanyesha. Nilimfunga Byeol mgongoni nikavuka daraja, nikapanda Ami-dong kwa miguu kwa sababu dereva wa teksi alinusa ndani ya gari lake akatutaka tushuke, na vichochoro vile vyote ni sawa, ngazi, mtungi wa gesi, ngazi, ukuta, na kila ngazi niliyokanyaga niliomba msamaha kwa sauti kama mwehu kwa sababu sikujua ipi ni jiwe tu na ipi ni mtu, na mtoto mgongoni mwangu, yule aliyekuwa mwepesi kama shali asubuhi ile, alikuwa anazidi kuwa mzito kila kona, mzito kama mtu mzima, mpaka kamba ya kubebea ikanikata mabega, na ubani ukawa unanuka sikioni mwangu, na kidevu kilichonilalia begani hakikuwa tena laini, kilikuwa kinanichoma, kama kidevu cha mwanamume asiyenyoa, nami sikugeuka, wallahi sikugeuka, kwa sababu nilijua nikigeuka na kumwona si yeye nitaikata ile kamba.

"Kushoto," sauti ya Byeol ikasema. "Kwangu ni kushoto."

Nikaenda kushoto. Jiwe lilikuwa pale. Nikagonga mlango wa jirani yake kwa ngumi zote mbili.

Akafungua bibi kizee mwenye mwavuli, kana kwamba alikuwa anatoka. Alituangalia, mimi na kilichokuwa mgongoni, akarudi nyuma hatua moja.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Nilidhani ule wali umeliwa na paka."

Jina lake Bibi Malsun. Aliingia nyumba ile akiwa bi harusi, na mama mkwe wake alimfundisha kwamba kila sikukuu mwenye jiwe anapikiwa kwanza, maana wao ndio waliomlalia kitandani.

"Lakini ubani ulikuwa umekwisha, bibi. Kwetu ukiisha watoto wanakula."

"Kwenu! Kwenu mnakula na babu zenu. Ni watu wenu, hata msipokula nao ni watu wenu. Huyu hana mtu. Miaka yote hii nampikia, sijaonja hata punje, nauacha mpaka ndege waumalize. Ukila naye, binti, umempa mtu."

"Nifanyeje basi?"

"Sijui."

"Bibi, nakuomba."

"Sijui, nakwambia kweli. Hajapata kutokea mjinga mwingine." Halafu akaanza kulia, mzee wa watu, mkono mdomoni. "Katoto kenyewe kadogo."

Nikamwambia, "Pika."

"Nini?"

"Pika wali. Weka bakuli kama siku zote, na ubani, na kijiko. Nitakula mimi."

Akakataa. Nilimpigia magoti kwenye maji, na mzigo wangu mgongoni ukatulia tuli, kama mtu anayesikiliza. Bibi Malsun akapika. Akaliweka bakuli mbele ya jiwe chini ya mwavuli wake, akawasha ubani. Nikakishika kile kijiko. Wali ulikuwa unafuka moshi, nao ukifika mdomoni ni baridi, baridi ya udongo, nikaumeza. Kila tonge nililisemea: mimi ndiye niliyemruhusu, mtoto hajui kitu, nimekula mimi, nichukue mimi. Nilikwangua mpaka chini. Bibi Malsun alikuwa amejifunika uso.

Kamba ikalegea mabegani. Nilidhani imekatika. Nikasikia kikohozi kidogo, kisha Byeol, Byeol wangu mwenyewe, akalia kwa sauti ya mtoto aliyelowa mvua. "Mama, nataka kwenda nyumbani."

Nilimlaza kwenye sakafu ya joto ya yule bibi, akalala bila kuomba chakula.

Tangu siku ile mwanangu amenona. Anabakiza wali, anakataa kabichi ya kimchi, anakimbizwa na baba yake na kijiko nyumba nzima, nami nalia kwa furaha nikimwona anakataa. Mimi mwenyewe nikangoja zamu yangu. Nilijinusa nguo, nilijipima kiuno, nilijificha chooni kujiuliza kama nina njaa. Sikuwa na kitu. Sikusikia njaa wala harufu. Nikasema labda alinionea huruma, labda alishiba.

Kisha wali ukaanza kunichefua. In-gyu ndiye aliyetambua kwanza, akakimbia kununua kipimo, akacheza barazani na soksi zake, majirani wakamgongea ukuta. Siku hiyo hiyo alileta furushi la mwani kwa supu ya uzazi, mapema mno, kama mtu asiye na akili. Daktari akaangalia, akahesabu, akasema mimba ni ya kabla ya siku ile ya mvua. Anasema mtoto ni mkubwa kuliko umri wake. Anasema ni jambo zuri.

Nilidhani nakula peke yangu.

Jana mchana, In-gyu akiwa barazani anaanika kitanda cha mtoto alichokiosha, anapiga mluzi, Byeol alikuja kunilalia tumboni. Aliweka sikio. Alikaa hivyo muda mrefu, ametulia, kisha akacheka kidogo, kama anavyocheka akichekeshwa na mtu anayemfahamu.

"Mama, babu yuko humu."

Akaligusa tumbo langu kwa kidole.

"Anasema kuna joto. Anasema safari hii atakuwa na watu wake."

Mluzi ukakatika kule nje. "Mnanong'ona nini nyie wawili?" In-gyu akauliza. "Mnanisengenya?"

Nilimziba Byeol mdomo kwa kiganja, kwa haraka mno, nikamwuliza sikioni, "Umemwambia baba?"

Akatikisa kichwa. Akauondoa mkono wangu taratibu, akaukumbatia, akanitazama kwa yale macho yake mazima, macho ya mwanangu.

"Nimekwambia wewe tu, mama. Sitamwambia mtu mwingine."