Mayai ya Sitti na Maji ya Udhu

Kila Msa alipotaka kutawadha, alichukua birika lake la bati akaenda kuchutama pembeni mwa ua, karibu na ukuta. Maji yaliyomdondoka mikononi na miguuni yaliingia mchangani. Mara tano kwa siku mchanga ule ulikunywa. Na mara tano kwa siku Echata, mke wake, alisimama kwenye mlango wa jikoni akitazama kwa wasiwasi.

Chini ya mchanga ule kulikuwa na mayai matano ya kobe.

Mtaani kwao Ampisikina, mjini Mahajanga nchini Madagaska, watu wengi walifuga kobe katika banda la kuku. Waliamini kwamba kobe huwakinga kuku na magonjwa. Kobe wa nyumba hii aliitwa Sitti, na hakuwa kobe hivi hivi tu. Aliyemfuga kwanza ni baba yake Msa, mzee Athoumani. Mwaka wa fujo, 1976, Wakomoro wa Mahajanga walipochomewa nyumba, mzee aliuawa na nyumba yake ikawa majivu. Msa alipokwenda kutazama, alikuta kitu kimoja tu kilicho hai uani. Ni Sitti, amejikunja ndani ya gamba, mgongo mweusi kwa masizi. Msa alimtia kapuni. Yeye, Echata na kobe wao walikimbilia kisiwa cha Nosy Be, kwa Koultoum, dada yake Echata. Walikaa huko miaka mitatu. Waliporudi Mahajanga, Sitti alirudi nao.

"Huyu ndiye niliyeachiwa na baba," Msa alizoea kusema. Hakuwa na picha ya baba yake, hata moja.

Sasa ulikuwa mwezi wa nne, mwaka 1982. Sitti alitaga mayai matano karibu na banda. Siku ya tatu alitoka nje ya geti, na mkokoteni wa ng'ombe ukamkanyaga. Msa alimzika mwenyewe. Kwa siku mbili hakwenda kwenye karakana yake ya useremala. Siku iliyofuata aliyafukua mayai, akayafukia pale anapotawadhia.

"Hapa yatapata baraka," alisema. "Mwaka jana nilipoyafukia hapa yalioza kwa sababu maji hayakutosha."

Mwaka jana Echata ndiye aliyeyatoa mayai yale. Yalikuwa yamevimba na kupasuka, na harufu yake hajaisahau. Hayakufanana hata kidogo na kitu kilichokosa maji. Lakini utamwambiaje mtu kwamba maji ya udhu wake yanaua kile alichoachiwa na baba yake? Echata alilala na swali hilo, akaamka nalo.

Wiki ya pili akaja mgeni. Alikuwa Hayrat, binti wa Koultoum, ametoka Nosy Be kwa meli. Kule Nosy Be alifanya kazi katika kituo cha kulea vinyonga na kobe. Alishinda katika chumba cha mayai. Echata hakungoja hata mgeni amalize chai. Alimvuta jikoni, akamweleza yote kwa sauti ya chini.

"Mama mdogo, mayai hayo lazima yatoke leo," Hayrat alisema. "Lakini mwambie baba mdogo wewe mwenyewe. Mimi mgeni. Yeye ataona nimekuja kumkosoa dini yake."

Msa aliporudi mchana, Echata alisimama mbele yake.

"Baba Laïla," alisema, kwa maana ndivyo alivyomwita kwa jina la binti yao aliyeolewa, "mwaka jana mayai hayakuoza kwa kukosa maji. Yalioza kwa maji. Niliyaona. Niliogopa kukuambia."

Msa alikaa kwenye kigoda.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Wewe uliyatakia mema," Echata alijibu. "Hukujua, nami sikukuambia."

Hapo Hayrat aliingia, akamsalimu kwa heshima. "Baba mdogo, udhu ni wako wewe. Yai halitawadhi."

Msa alitaka kukasirika, lakini tabasamu lilimtoka. Wote watatu wakaenda kwenye mchanga.

Hayrat alifukua kwa vidole, polepole. Kabla ya kuinua yai, alilitia alama ya penseli upande wa juu. "Kuku huyageuza mayai yake," alieleza. "La kobe haligeuzwi. Mtoto ameshajishika mahali pake ndani. Ukimpindua, anaweza kufa. Alama hii ibaki juu siku zote."

Mayai mawili yalikuwa yamepasuka na kuota ukungu. Msa aliyatazama, akageuza uso. Yalibaki matatu.

Jikoni, Echata alifunga dirisha ili kuwe na giza. Hayrat aliwasha tochi, akaisogeza karibu na yai la kwanza. Ndani mlionekana mishipa myembamba, myekundu. La pili hivyo hivyo. La tatu lilikuwa na kivuli tu.

"Hili sina hakika nalo," Hayrat alisema.

"Basi tuyaweke pakavu kabisa?" Msa aliuliza.

"Hapana. Pakavu kabisa yatanyauka. Ganda la yai lina vitundu vidogo, havionekani kwa macho. Mtoto hupumua kupitia vitundu hivyo. Mchanga wenye maji ukiligusa siku zote, maji hupenya, yai huvimba na kupasuka. Linalotakiwa ni hewa yenye unyevu. Hewa iliguse yai, maji yasiliguse. Tutahitaji sanduku la mbao."

Kusikia kuna kazi ya mbao, Msa alisimama. Kabla ya jua kuzama alikuwa ametengeneza sanduku. Chini waliweka beseni la maji. Juu ya beseni, kwa kimo cha kiganja, Msa alipigilia wavu wa waya uliobaki kwenye banda la kuku. Mayai yalikaa juu ya wavu, kila moja katika kitanda kidogo cha nyuzi kavu za nazi. Sanduku lilisimama kwenye ukuta wa jiko, upande wenye joto.

Msa alitengeneza kifuniko kizuri, kimelala sawasawa. Alikisifia mwenyewe. Siku ya tatu Echata alikiinua akaona matone ya mvuke yamening'inia chini yake, moja juu ya yai.

"Kazi nzuri mno, baba mdogo," Hayrat alisema. "Iharibu kidogo. Upande mmoja uwe juu, matone yateleze pembeni."

Msa aliguna, akaweka kipande cha mbao chini ya upande mmoja.

Kabla ya kurudi Nosy Be, Hayrat alikwenda na Msa kwenye ofisi ya misitu, wakaandikisha mayai, kwa sababu kobe wanalindwa na sheria. Aliwaonya wasitafute kobe wengine porini. "Na kuku wachanjeni," aliongeza. "Hakuna kobe anayezuia ugonjwa wa mdondo."

Miezi ikaenda, na Echata hakuwa na raha. Aliongeza maji katika beseni. Mwezi wa saba, baridi ilipokuja, alitia maji ya uvuguvugu. Yai lile la tatu lilianza kunuka, akalitoa haraka lisiharibu mengine. Yalibaki mawili. Kila Msa alipopita jikoni alipunguza mwendo.

Mwezi wa kumi, yai moja likaonyesha ufa. Ncha ya pua ikatokea. Msa alisogeza ukucha ili asaidie.

"Mwache," Echata alimshika mkono. "Hayrat alisema atoke mwenyewe."

Siku ya kwanza ikapita. Kiumbe hakisogei. Echata hakuweza kula. Msa alisema pengine amechoka, kisha akasema pengine amekufa.

Siku ya pili, wakati wa adhuhuri, Msa alikuwa anatawadha. Siku hizi alitawadhia upande wa pili wa ua, karibu na geti, mbali na jiko. Akasikia Echata anamwita, sauti yake imekatika. Akaacha birika, akakimbia.

Juu ya nyuzi za nazi palikuwa na kobe mdogo kuliko kiberiti. Mgongoni alikuwa na mistari ya njano, ile ile ya Sitti. Alifumbua jicho moja, akalifumba. Siku nne baadaye mwenzake naye angetoka, lakini saa ile hawakujua hilo.

Echata alimnyanyua, akamnyooshea mumewe. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Msa alinyoosha mikono, kisha akairudisha. Ilikuwa inadondoka maji. Aliifuta kwenye kanzu, kidole kimoja baada ya kingine, mpaka ikakauka. Ndipo akampokea.