Aliyeitika Badala ya Mkia

Mara ya kwanza kupanda boti ya dada yangu ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa. Nguo za watoto zilikuwa zimeanikwa pembeni kwa vibanio, shemeji amelala chali chini ya sinki anagombana na bomba, na dada anakanda unga kwenye meza ambayo usiku hugeuka kitanda. Nilitafuta pa kukaa. Kila nilipokaa niliombwa ninyanyuke kidogo, maana chini ya kila kiti kuna kitu: viazi, makoti ya mvua, betri, tanga la akiba. Mimi ni fundi cherehani, nimezoea chumba kidogo, lakini mle ndani hata kununa hakukuwa na nafasi.

Walikuwa wameuza nyumba yenye choo cha ndani na uwanja wa kuchezea watoto, wakanunua boti ya matanga, wakawa wanazunguka bandari hadi bandari na binti zao wawili. Shemeji alikuwa fundi umeme, dada alikuwa muuguzi wa zamu, na walisema wamechoka kuishi kama wapangaji wanaopishana mlangoni. Nyumbani tuliwasema sana. Mama yetu aliposhindwa alisema sikio la kufa halisikii dawa, akanyamaza. Mimi sikunyamaza, maana kunyamaza sikuumbiwa.

Lakini niseme la haki: walikuwa na furaha, na furaha yao ilinitia wivu. Baada ya chai, masomo mezani. Baada ya masomo, vyombo. Vyombo vilioshwa kwa maji ya bahari kwenye ngazi ya nyuma, kisha vikasuuzwa kwa kikombe kimoja cha maji ya tangi, na ole wake atakayetumia viwili. Binti mkubwa tulimwita Mkia kwa sababu hakubanduka nyuma ya mama yake. Mdogo wake, wa miaka saba, tulimwita Chiriku kwa ajili ya mdomo. Yule aliongea hata na samaki aliyekuwa anaenda kuliwa.

Kulikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ilikuwa ya shemeji: boti ikitembea, kila aliye juu avae mkanda wenye kulabu, na kulabu ishikizwe kwenye waya unaotoka nyuma hadi mbele. Nanga ikishuka, mikanda inavuliwa. Ya pili ilikuwa ya dada. Akiwa jikoni hakuwa akiona juu, basi kila baada ya muda aliita, akianzia mkubwa. Baba watoto. Mkia. Chiriku. Kila mmoja akaitika "Nipo," naye akarudi kwenye sufuria yake. Nilimcheka, nikamwambia anaita mahudhurio kama mwalimu wa zamu. Akaniambia huku hakuna jirani wa kumuuliza mtoto amepita wapi.

Watoto nao walikuwa na mchezo wao. Mmoja akiwa na kitu mdomoni, au amenuna, mwenzake alimsaidia kuitika kwa kuigiza sauti. Waliigana vizuri hadi mimi mwenyewe nikadanganyika. Dada alijua, na hakuona ubaya.

Chiriku alikufa mchana, bahari imetulia, nanga iko chini, mikanda imetundikwa. Alikuwa kwenye ngazi ya nyuma anaosha sahani. Mkia alikuwa mbele anasoma. Dada aliita, akapata "Nipo" zote tatu, akaendelea kukaanga vitunguu. Alipopanda na kitambaa cha kukaushia alikuta sahani zimepangwa vizuri kwenye ngazi, kubwa chini, ndogo juu, na aliyezipanga hayupo.

Tulimzika katika mji wa bandari walikokuwa wametia nanga, mji ambao hatukuwa tukimjua hata muuza mkate. Ndugu walikuja, wakalia, wakaondoka. Mimi nilibaki, na nilibaki kwa jambo moja: kumshusha dada kutoka kwenye boti ile, na akinishinda, basi angalau nimshushe Mkia. Mtoto alikuwa amekonda mashavu. Tena alikuwa ameacha kuitika. Mama yake akiita, hakufungua mdomo. Aliacha alichokuwa akifanya, akashuka, akamgusa mama yake mkononi, akapanda tena. Kila mara ilikuwa hivyo.

Kwa sababu dada hakuacha kuita. Shemeji alimsihi, nami nilimsihi, wapi. Aliita majina yote matatu kama zamani, na baada ya la tatu alisimama na mwiko mkononi, akisikiliza, halafu akaendelea kukoroga. Nilikuwa nikimtazama mgongoni na moyo wangu unakatika vipande vipande.

Siku moja aliitikiwa.

Nilikuwa mezani nashona tanga lililochanika. Shemeji alikuwa gatini anajaza maji. Dada aliita la kwanza, akajibiwa. Aliita la pili, Mkia akashuka, akamgusa, akapanda. Aliita la tatu. Kutoka chumba cha mbele, kile chembamba walichokuwa wakilala watoto, sauti ndogo ikasema, "Nipo."

Dada hakushtuka. Alifumba macho, akatabasamu, machozi yakawa yanamdondokea kwenye unga. Mimi niliinuka na hasira zangu, nikijua nani wa kumvuta sikio. Kitandani hapakuwa na mtu. Mto wa upande wa ukutani ulikuwa umebonyea katikati, na nilipoweka kiganja ulikuwa na joto.

Nilimkuta Mkia juu, amekaa karibu na kidirisha cha dari cha chumba kile. Nilimshika bega, nikamnong'oneza kwa ukali kwamba mama yake ni mgonjwa wa moyo uliovunjika na mchezo ule utammaliza. Akanitazama. Macho yake hayakuwa ya mtoto tena.

"Mama mdogo, leo si mimi," alisema. "Mimi niliitika siku ile. Niliitika yangu, nikaitika na ya Chiriku. Sikugeuka kumwangalia."

Nilikaa chini pale pale. Nikamkumbatia, nikamwambia yale ambayo watu wazima huyasema wakikosa la kusema: kwamba hakujua, kwamba si kosa lake, kwamba asimwambie mama. Aliitikia kwa kichwa. Lakini sikuwa nimemwamini kuhusu lile la leo. Mimi ni mtu wa kuona kitambaa ndipo nikate.

Kesho yake nikaona. Nilimkalisha Mkia katikati ya magoti yangu, namsuka, kidevu chake kiko mkononi mwangu. Midomo yake niliiona imefungwa. Dada akaita huko chini, na alipofika jina la tatu, chini ya miguu yetu, ndani ya chumba kile, pakaitikwa. "Nipo." Mkia hakupumua. Chanuo likanitoka mkononi, likabingirika, likaanguka majini, na sikulifuata hata kwa macho.

Nilimwambia shemeji. Hakunibishia. Alisema ameisikia sauti ile tangu juma lililopita na alidhani ni yeye peke yake, kwa kuwa hakuwa akilala. Akaniambia kwamba kesho atavusha boti hadi ng'ambo ya ghuba, kwenye karakana, aiache huko, na sote turudi nyumbani kwa njia ya nchi kavu.

Dada alipoambiwa aliendelea kufuta jiko ambalo lilikuwa safi.

"Nikishuka," alisema, "nani atamwita?"

Shemeji aliuma mdomo akaenda kukagua kamba.

Tuling'oa nanga asubuhi, jua limechomoza, upepo mzuri wa pembeni. Ilikuwa siku ya watu kupigia picha. Boti iliinama kidogo, sahani zikagongana kabatini, na mimi tumbo likanigeuka, nikashuka nikajilaza kwenye benchi karibu na jiko na ndoo yangu. Shemeji alikuwa kwenye usukani. Mkia alikuwa juu, na mkanda wake niliufunga mimi mwenyewe. Dada alikuwa anamenya viazi.

Akaita. "Baba watoto."

"Nipo."

"Mkia."

"Nipo."

Kisu kilisimama. Nikainua kichwa kutoka kwenye ndoo. Ilikuwa sauti ya Mkia, haina kasoro. Ila ilitoka chumba cha mbele. Na Mkia hakuwa akiitika.

Dada alinong'ona, "Mkia haitiki."

Hakungoja miguu kwenye ngazi. Alipanda mbio, nami nyuma yake, nikijikwaa. Shemeji alikuwa na macho kwenye tanga. Upande wa pili wa tanga hapakuwa na mtu. Mkanda mtupu ulikuwa unaning'inia kwenye waya, kulabu yake inagonga ubao. Ko. Ko. Ko.

Tulimwona nyuma, mbali. Mbali mno. Kichwa kidogo cheusi, na mkono mmoja umenyooka juu kama mwanafunzi anayeomba kujibu swali. Hakuwa akipunga. Hakuwa akipiga maji. Mtoto yule hakujua kuogelea zaidi ya kujitapatapa, na nguo zilikuwa zimemlemea. Lakini hakuzama. Shemeji aligeuza boti, matanga yakapiga kelele, ikachukua muda ambao sitaki kuukumbuka. Muda wote ule mkono ulikuwa juu.

Tulimvuta kwa nguo. Alikuwa baridi, midomo ya buluu, lakini anapumua. Dada alimgeuza, akamkamua maji kwa mikono ya kiuguzi, akamfunga blanketi. Kisha akanikabidhi. Nilimwona usoni, nikaogopa. Alishuka chini, akaenda hadi mlango wa chumba cha mbele, akasimama kizingitini.

"Umemwita mwanangu umzamishe," alisema taratibu. "Umeitika kwa sauti yake ili nisijue. Wewe si Chiriku. Sitakuita tena."

Akafunga mlango. Akarudi katikati ya boti na kuita kwa sauti ya kutetemeka: Baba watoto. Shemeji akaitika. Mkia. Mtoto akatoa mkono kwenye blanketi, akamgusa. Na dada akafunga mdomo wake.

Maji yanapita ubavuni. Halafu nyuma ya mlango, polepole, kama mtoto anayeogopa kukemewa:

"Mama. Hujaniita."

Dada aliziba masikio. Shemeji aliacha usukani nusu, akalia kama mtoto.

"Mama. Mimi je?"

Dada alitikisa kichwa. Alitikisa, akatikisa. Sauti haikurudi, na hadi tunafunga kamba kwenye gati la karakana hapakusikika kitu mle ndani.

Msimamizi wa karakana alitupa chumba chenye bafu la maji moto. Mimi ndiye niliyemvua Mkia nguo. Nilipofika kwenye mkono wa kulia, ule uliokuwa juu, nikamwita dada. Kwenye kifundo palikuwa na alama nyekundu. Vidole vinne upande mmoja, gumba upande wa pili. Vidogo. Dada aliweka mkono wake juu ya alama zile, ukazifunika zote. Aliweka wa Mkia mwenyewe, nao ulizidi. Jinsi gumba lilivyokaa, aliyeshika alikuwa juu, akivuta.

Ndipo Mkia alipozungumza. Alisema alimsikia mdogo wake akiimba mbele, akavua mkanda ili ainame hadi kidirishani amwombe msamaha, boti ikainama na wimbi likamtoa. Hakuna aliyemwita. Alipozama mara ya kwanza alishikwa mkono.

"Nilimwambia Chiriku, mama hajui tupo huku," alisema. "Akasema nisipige kelele, nitachoka. Yeye ataitika badala yangu. Alisema mama akisikia, atajua."

Dada hakuvaa viatu. Nilimfuata hadi gatini, akapanda boti, akafungua mlango wa chumba cha mbele kwa kuupiga bega. Akaita. Aliita jina lile peke yake, halafu akaita yote kwa mpangilio, baba, Mkia, Chiriku, shemeji akimwitikia kutoka gatini, sauti imemkauka. Aliita kwa kubembeleza, akaita kwa kuomba radhi, akapiga magoti akaita akiwa ameweka uso kwenye mto. Mafundi wa karakana waliacha kazi zao, wakavua kofia bila kujua ni kwa nini. Hakuitikiwa. Mto ulikuwa baridi.

Imepita miaka. Wanaishi nyumba ya matofali sasa, mtaa wa pili kutoka kwangu, na boti ina wenyewe wengine ambao hawajawahi kulalamika lolote. Mkia amekuwa msichana mrefu, ananizidi kichwa. Alama ile haikufutika. Madaktari wameitazama, mmoja akasema ngozi, mwingine akasema damu. Mkono umekua, alama haikukua. Vidole vile bado ni vya mtoto wa miaka saba. Jioni wakikaa kutazama televisheni, dada huuchukua mkono ule, huuweka mapajani mwake, na hufunika pale penye vidole kwa kiganja chake, hadi Mkia amwambie, "Mama, niachie, nataka kwenda kulala."