Namba 30,031 na Bambo la Mama

Kila Jumamosi asubuhi Sitara anakaa dukani kwa mama yake, mtaa wa pili kutoka Msimbazi, wanapouza maharage ya jumla. Jumamosi hiyo alikaa na daftari la hesabu, ana raha zake.

Yuko darasa la sita. Mwalimu Mektilda alitaka kila mmoja alete namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Mwenye kubwa kuliko zote ndiye angeenda kwenye mashindano ya shule za Ilala. Haruna, anayekaa naye dawati moja, alikuwa na 10,007. Sitara akazidisha 2, 3, 5, 7, 11 na 13, akapata 30,030, akaongeza moja. Ukiigawa 30,031 kwa yoyote kati ya hizo sita, inabaki moja. Mwalimu alisema namba hiyo ijaribiwe kwa namba tasa zote mpaka 173. Sitara aliishia 13, akaandika, "Nimejaribu zote."

"Zote arobaini, jana tu?" Haruna alimwuliza darasani. "Wewe kompyuta?"

Sitara akamwambia ana wivu.

Sasa, pale dukani, Mzee Seifu anayewauzia maharage akaleta magunia. Mama akachukua bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, akachoma gunia juu. Maharage yakatoka safi, yanang'aa.

"Mama Sitara, si umeona? Mzigo safi."

"Nimeona juu, kaka."

Akachoma katikati, akachoma na chini. Ya chini yakatoka na matundu na vumbi la wadudu. Mzee Seifu akakiri kwamba hata yeye, huko alikonunua, alichoma juu tu. Akaondoka na magunia yake.

Sitara akafungua ukurasa mpya. Akagawa kwa 17, ikabaki tisa. Kwa 19, ikabaki kumi na moja. Akaendelea hivyo mpaka 59. Jibu: 509. Hakuna kilichobaki.

Hakuna aliyemwona. Angeweza kuchana ule ukurasa.

Jumatatu alimwamkia mwalimu, akabaki amesimama.

"Mwalimu, namba yangu si tasa. Ni 59 mara 509. Niliandika nimejaribu zote, sikujaribu."

Darasa likacheka. Mwalimu akaikata ile namba, nafasi ikaenda kwa Haruna. Halafu akampa Sitara 10,007 aihakiki kwa namba tasa zote ishirini na tano, mpaka 97. Mapumziko yote yakaishia hapo. Haruna alisimama pembeni anang'ata kucha, utani umemwisha.

"Vipi?"

"Poa. Ni tasa."

Kwenye fomu ya mashindano mwalimu akaandika majina mawili: Haruna, aliyeleta namba, na Sitara, aliyeihakiki. Wote wataenda.

Nyumbani Sitara alimsimulia mama yake yote, hata ule uongo. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Juu kila gunia ni zuri, mwanangu," akasema. "Kazi iko chini."