Printa Iliyozimwa Ukutani

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, bibi alianza doria yake. Alivaa kandambili, akajifunga mtandio kichwani, akapita chumba hadi chumba akizima swichi za ukutani. Pasi, paa! Redio, paa! Chaja ya simu, paa! Hata kama simu yenyewe ilikuwa haijashiba. Alimalizia sebuleni, kwenye meza ambayo zamani ilikuwa ya cherehani na sasa ilibeba printa ya picha. Paa! Kisha alipangusa viganja kama mtu aliyetoka kufunga zizi.

“Waziri wa Umeme amemaliza ziara,” mama alitania.

“Cheka tu,” bibi alijibu. “Jirani naye alikuwa akicheka. Siku umeme ulipokatika ukarudi kwa kishindo, televisheni yake ilifuka moshi kama tanuri. Hajanicheka tena mpaka leo.”

Mjukuu wake, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa na jina zuri kwenye cheti cha kuzaliwa, lakini nyumbani hakuna aliyelitumia. Tangu alipoanza kusema alikuwa akiuliza: kwa nini kitunguu kinaliza watu, kwa nini mwezi unatufuata, kwa nini paka hapigi chafya anaponusa pilipili. Basi wakamwita Kwanini, na jina likamganda.

Mama yake Kwanini alikuwa mpiga picha, na sebule yao ndiyo iliyokuwa studio. Palikuwa na pazia jeupe ukutani, stuli moja, taa mbili, na kioo kidogo cha wateja kujitazamia kabla ya kukaa. Watu walikuja kupiga picha za vitambulisho, picha za watoto wachanga, na picha za wachumba waliogombana wiki iliyopita wakapatana jana. Mama alipiga, akachapa, akakata kingo kwa uangalifu, na mteja akaondoka akiipepea picha yake hewani.

Kisha printa ikaugua. Ilianza kwa kuchora mistari myeupe kwenye nyuso za watu. Mama alibonyeza kitufe cha kuisafisha, mistari ikatoweka, halafu ikarudi. Akaisafisha tena, ikarudi tena, na kila usafishaji ulikunywa wino kama ng'ombe aliyefika kisimani. Mwishowe rangi ya buluu iligoma kabisa, nyuso zikatoka nyekundu. Mzee mmoja alikuja kuchukua picha yake ya kitambulisho, akaitazama kwa muda mrefu, akauliza, “Binti yangu, hapa mimi ni mtu au nyanya?”

Mama alicheka pamoja naye na kumwomba radhi. Lakini mlango ulipofungwa, aliketi kwenye stuli ya wateja akashika tama.

“Mwalimu mkuu wenu ameniahidi kazi,” alimwambia Kwanini. “Picha za wanafunzi wote wanaomaliza darasa la mwisho. Anataka nimpelekee picha ya mfano Jumatatu. Nisipoipeleka, ataita ile studio kubwa ya mjini.”

Kwanini alijua maana ya kazi ile. Tangu printa ianze kuharibu nyuso za watu, wateja walikuwa wakipungua. Wengine walipita mbele ya mlango wao wakitazama upande wa pili wa barabara, kama watu wanaoona haya kwa niaba ya mtu mwingine. Kazi ya shule ingemrudishia mama heshima yake.

“Jumamosi nitanunua printa nyingine,” mama alisema. “Lakini hizi za matangi ya wino, basi. Nimekoma! Nitachukua ile ndogo ya katriji, vile vikasha vya wino vya kubadilisha, tena bei yake nafuu.”

“Kwa nini, mama?”

“Kwa sababu aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.”

“Lakini yetu imekufa kwa nini?”

“Imekufa kwa sababu ni mbovu. Kamalize kazi yako ya nyumbani.”

Kwanini alimaliza kazi ya nyumbani, lakini swali halikumalizika.

Kesho yake alitumwa kupeleka madaftari ya darasa lao ofisini kwa karani wa shule. Alipoingia alisimama kama aliyegongana na mtu anayemfahamu. Juu ya kabati kulikuwa na printa sawasawa na ya kwao: umbo lile lile, matangi manne yale yale ubavuni, isipokuwa hii ilikuwa imechubuka na mfuniko wake umefungwa kwa utepe wa gundi. Nayo ilikuwa ikichapa ramani ya rangi bila kukwama.

“Shikamoo. Naomba kuuliza swali.”

“Marahaba,” karani alisema bila kuinua macho. “Siku utakayoacha kuuliza nitakupeleka zahanati. Haya, sema.”

“Hii printa ni ya zamani?”

“Imeshuhudia walimu wakuu wawili wakistaafu.”

“Yetu ni ya aina hii hii. Imekufa ikiwa bado mpya.”

Karani alimgeukia. “Huwa mnaizimaje?”

Kwanini alinyoosha kidole gumba akaonyesha kama alivyozoea kuona. “Paa! Ukutani.”

Karani akaguna. Alichukua kalamu ya rangi mezani, akaivua kifuniko. “Nikiiacha hivi mpaka wiki ijayo, itakuwaje?”

“Itakauka.”

“Enhee. Ndani ya printa kuna kichwa kinachotema wino, chenye vitundu vidogo kuliko tundu la sindano. Ukiizima kwa kitufe chake, kichwa kinarudi pembeni na kujifunika. Hapo ndipo nyumbani kwake. Sasa ukikata umeme ghafla ukutani, kichwa kinaweza kubaki njiani, wazi, kama kalamu hii. Wino unakauka, vitundu vinaziba. Na kila ukiiwasha upya baada ya kuikatia hivyo, inajisafisha kwa kumwaga wino.” Alirudisha kifuniko cha kalamu. “Mimi nabonyeza kitufe, nasubiri inyamaze, ndipo nakwenda ukutani. Na sipitishi wiki bila kuchapa kitu cha rangi. Ni hilo tu.”

Kwanini alishukuru akatoka. Alipaswa kufurahi, maana jibu alilolitafuta alikuwa nalo. Badala yake alirudi darasani polepole. Swichi ya ukutani ilikuwa ya bibi. Bibi aliyemfundisha kusoma saa, aliyemwachia ukoko wa wali, aliyezunguka nyumba nzima kila jioni ili wao walale salama. Angeanzaje kumwambia kwamba ni mkono wake ulioua printa?

Jioni ile alifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza bibi alikuwa akiimba. Mara ya pili bibi alimuuliza, “Mbona leo huulizi kitu, unaumwa?” Kwanini akatikisa kichwa akaenda kulala.

Jumamosi walikwenda wote watatu kwenye duka lile lile mama aliponunua printa ya kwanza. Bibi alisema hawezi kubaki nyumbani, kwa sababu wauzaji huwaogopa wazee. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu mwenye kalamu sikioni.

“Karibuni, karibuni! Bibi, kiti hiki hapa. Mama, nikusaidie nini?”

Mama alionyesha printa ndogo nyeupe iliyokaa mbele, inayong'aa kama sahani. Kando yake, nyuma kidogo, ilikaa ya matangi, nzito na ya bei ya juu zaidi.

“Hii ndogo, katriji yake inatoa picha ngapi?” Kwanini aliuliza.

“Nyingi tu, mdogo wangu.”

“Nyingi ngapi?”

Muuzaji akakohoa. “Za ukubwa wa postikadi… kama thelathini hivi.”

“Na ile ya matangi, yakijaa?”

“Aa, ile ni mamia.”

Mama aliinua nyusi. “Na katriji za hii ndogo zinauzwaje?”

Alipotajiwa bei, mama aliirudia polepole. Katriji mbili, ya rangi na ya wino mweusi, zilikaribia bei ya printa yenyewe. “Yaani nikimaliza darasa moja, nitakuwa nimenunua printa ya pili?”

“Si hivyo, mama,” muuzaji alisema. Akafikiri. “Kusema kweli, ni hivyo.”

Mama alisimama kati ya zile printa mbili akizitazama kwa zamu. Kwanini alimwona akiigusa ile ya matangi, kisha akiondoa mkono kama aliyegusa sufuria ya moto.

“Wino wa bei nafuu utanifaa nini kama mashine yenyewe inakufa?” alisema hatimaye. “Niandikie risiti ya hiyo ndogo.”

Muuzaji akachomoa kalamu sikioni.

Kwanini alimshika bibi mkono, akamvuta mpaka kwenye rafu ya karatasi za picha.

“Bibi, nina jambo. Nisipolisema nitakosea. Na nikilisema, naogopa nitakukosea adabu.”

“Sema, mjukuu wangu. Meno yenyewe yamebaki machache, siwezi kukung'ata.”

Kwanini alisema yote kwa sauti ya chini: karani, kalamu isiyo na kifuniko, kichwa kinachobaki njiani. Alimaliza akitazama sakafu. “Hukujua, bibi. Hata sisi hatukujua.”

Bibi hakucheka. Alitazama kidole gumba chake kana kwamba anakiona kwa mara ya kwanza. “Kila jioni?” aliuliza.

“Kila jioni.”

Bibi alivuta pumzi, akarudi kwenye kaunta, akaweka kiganja chake juu ya kitabu cha risiti. “Kijana, kalamu chini.” Kisha akamgeukia mama. “Mwanangu, printa yako haikufa. Imeuawa. Na muuaji ndiye aliyepewa kiti na muuzaji.”

“Mama! Unasema nini?”

Bibi alieleza mwenyewe, bila kupunguza chochote, hata sauti ya “paa!” aliitoa. Mama alishika mdomo. Muuzaji akaanza kutikisa kichwa kukubali.

“Bibi amesema kweli. Wengi huzirudisha wakisema ni mbovu. Ukiwauliza, huwa wanachomoa waya. Na kichwa kikishaziba kabisa, kukibadilisha ni karibu na bei ya printa mpya.”

“Mbona siku niliyonunua hukuniambia?” mama alimuuliza.

“Hukuuliza, mama.”

“Basi siku nyingine tembea na huyu,” bibi alisema, akimwelekezea Kwanini kidevu.

Mama alicheka. Kilikuwa kicheko kile ambacho nyumbani hawakukisikia kwa wiki nyingi, kile kinachoanzia tumboni na kushusha mabega. Alimwomba muuzaji achape picha moja kwa kila printa, ileile, ili azilinganishe. Alichagua kwenye simu yake picha ya bibi akiwa ameshika kikombe cha chai. Zote mbili zilitoka vizuri; hakuna aliyeonekana nyanya. Mama akauliza pia kama chupa za wino zilizobaki nyumbani zingefaa kwenye ile ya matangi. Muuzaji akalinganisha namba kwenye boksi: zingefaa, wala hapangekuwa na haja ya kununua wino kwa muda mrefu.

“Niandikie hii ya matangi,” mama alisema. “Na uandike siku za dhamana kwa herufi zinazosomeka.”

Jumatatu mama alipeleka picha ya mfano. Kwanini alikuwa darasani, na somo zima la hesabu liliingia sikio hili likatokea lile. Kengele ya mapumziko ilipolia alimwona mama akitoka ofisini kwa mwalimu mkuu. Mama alimtazama, akafumba macho kidogo, akatabasamu. Nyuma yake, karani alikuwa amesimama mlangoni akionyesha kidole gumba juu.

Jioni ile waliketi sebuleni, picha ya mfano ikiwa imeegemezwa kwenye kioo. Bibi alimwita Kwanini akae karibu naye.

“Mimi niliogopa umeme,” alisema, “nikaua kile nilichotaka kukilinda. Wewe uliogopa kuniumiza moyo. Hofu zote mbili zilitoka kwenye mapenzi. Lakini ungenyamaza, mama yako angenunua printa inayokunywa jasho lake kila siku, na mimi ningeendelea kuua mashine mpaka nizeeke zaidi ya hapa.”

“Niliogopa utasema sina heshima, bibi.”

“Heshima haikuambii unyamaze mkubwa wako anapokosea. Inakufundisha namna ya kumwambia. Uliniita pembeni, ukanieleza taratibu, ukaniachia nafasi ya kusema mwenyewe. Hiyo ndiyo heshima. Na mama yako amejifunza lake: kitu usikipime kwa bei ya siku ya kwanza tu, kipime na kwa kile kitakachokula kila siku. Na kikiharibika, uliza kwanza kwa nini, kabla hujakitukana.”

“Nimesikia, mama,” mama alisema, akiinuka kwenda kuosha vyombo.

Vyombo vilipooshwa, bibi alivaa kandambili zake. Pasi, paa! Redio, paa! Chaja, paa! Alipofika kwenye meza ya cherehani alisimama. Akabonyeza kitufe cha printa kwa ncha ya kidole, kwa upole, kama anayemgusa mtoto aliyelala. Ndani ya mashine kitu kiliteleza taratibu kuelekea pembeni.

“Kwanini,” alinong'ona, mkono wake ukiwa umetulia karibu na swichi, “njoo unisikilizie. Kimeshafika nyumbani?”

Kwanini aliweka sikio. Tik.

“Kimefika, bibi.”

Paa!