Mlango Usiolia

"Mama yangu!"

Kikombe kilimponyoka Mwalimu, chai ikatapakaa sakafuni. Akabaki ameganda ukutani, mikono imefunika uso.

"Ni mimi, mke wangu! Ni mimi!" Fundi alisema, mfuko wa vifaa ungali begani.

"Umeingiaje?"

"Kwa mlango. Kwani napitaga dirishani?"

Hakucheka. Hapo ndipo Fundi alipoumia. Ndoa ilikuwa bado changa, na mjane huyu aliyekuwa akimfundisha Kiingereza darasa la jioni ndiye aliyemkosesha usingizi, mtengeneza vitasa mzima. Siku za mwanzo bawaba zikilia, Mwalimu alikuwa anageuka haraka kutazama. Fundi akadhani kelele zinamkera. Akazipaka mafuta bawaba zote, mlango ukawa unafunguka kama pazia. Badala ya nafuu, ikawa mayowe.

Akampigia dada yake simu.

"Kaka, nikwambie ukweli au nikubembeleze?"

"Sema."

"Mke anayeruka mumewe akiingia, kuna mtu anamficha. Fumbua macho."

"Wifi yako hana mambo hayo."

"Haya. Endelea kupaka mafuta."

Maneno yakamkaa rohoni. Kesho yake aliacha kazi mchana, akarudi, akanyata, akasukuma mlango taratibu. Mwalimu alikuwa peke yake, anasahihisha madaftari. Alipogeuka na kumwona mtu kasimama nyuma yake, hata sauti haikutoka. Akaketi chini sakafuni. Fundi akaona aibu, akageuka, akarudi kazini.

Kabla jua halijazama, ujumbe ukaingia: "Niko kwa shangazi. Ameshaingia kwenye ile nyumba. Sirudi."

Fundi alimkuta uani kwa shangazi, anaanua nguo.

"Nani ameingia nyumbani kwangu?"

"Utasema nina wazimu."

"Mimi leo nimekuja kukufumania na madaftari. Kati yetu nani mwenye wazimu?"

Mwalimu nusura atabasamu. Akakumbatia shuka kifuani.

"Unakumbuka uliniuliza *fright* ni nini?"

"Ukasema ni hofu."

"Nilisema si kila hofu. Kuna hofu unaishi nayo, unakula nayo, unalala nayo. Hii inakurukia ghafla. Na Waingereza husema mtu amekupa hofu hiyo, kama anavyokupa zawadi."

"Nikaomba mfano, ukafuta ubao ukatoka nje."

"Mfano nilikuwa nao nyumbani. Marehemu alikuwa anapaka bawaba mafuta, nisimsikie akija. Nageuka, yuko nyuma yangu. Siku nyingine ananitazama tu. Siku nyingine ni kipigo. Tukamzika. Nikaja kwako, nikasikia mlango unalia, nikasema hapa nitapona. Kila ukilia nageuka, nakuona ni wewe. Halafu siku moja nikasikia harufu ya yale mafuta."

Fundi akatazama viganja vyake.

"Kumbe nimemleta mimi."

"Hukujua."

"Na leo nikanyata."

"Leo nilimwona kabisa. Alikuwa amevaa shati lako."

Fundi hakuapa wala hakubembeleza. Alirudi nyumbani, akang'oa kitasa, akapachika komeo zito upande wa ndani. Nje hakuacha hata tundu. Kisha akapiga simu.

"Mlango hauna ufunguo tena. Ukiwa ndani, haingii mtu mpaka wewe utake. Hata mimi."

"Na nikikataa kufungua?"

"Nitalala barazani. Mbu watanijua kwa jina."

Mwalimu alirudi asubuhi, akajifungia. Jioni Fundi alipofika, jirani aliyekuwa anafua akaangua kicheko.

"Fundi vitasa kafungiwa nje! Dunia ina mambo."

"Fua nguo zako, mama."

Akagonga.

"Hodi."

Akasikia nyayo zikija, zikasimama nyuma ya mbao. Akasikia na pumzi zake, nzito, kama za mtu aliyekimbia mbali.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mumeo."

Jirani naye akaacha kufua, akasikiliza.

"Yupi?"

Fundi akarudi nyuma hatua moja, asimsonge yule wa ndani.

"Yule anayebisha hodi."

Komeo likalia.